Donegal, Conamara au Corca Dhuibhne: mwanafunzi mzoefu wa Kiayalandi aende wapi?

Ukishajua Kiayalandi kiasi cha kujitambulisha, kusoma habari fupi na kuandika barua pepe inayoeleweka, unafika mahali ambapo madarasa ya jioni hayakusogezi tena. Mwalimu wako unamwelewa, mzee anayehojiwa redioni humwelewi. Wengi waliofika kiwango cha B1, yaani cha kati katika vipimo vya lugha vya Ulaya vinavyoanzia A1, hukwama hapo miaka, wakinunua vitabu vya sarufi vinavyorudia waliyokwisha kuyajua. Wamo Waafrika Mashariki wenzangu waishio Ayalandi, walioanza kujifunza kwa sababu watoto wao wanasomeshwa lugha hii shuleni nao hawakutaka kuachwa nje ya daftari la mtoto. Kwa mtu wa kiwango hicho kuuliza kitabu kingine hakuna faida kubwa. Aulize aende Gaeltacht ipi, na achukue lahaja ya watu gani.

Gaeltacht ni jina la maeneo ambayo serikali inayatambua kuwa ya wazungumzaji wa Kiayalandi. Mengi yako pwani ya magharibi, yametawanyika kutoka Donegal kaskazini, kupitia Conamara, hadi Kerry kusini iliko rasi ya Corca Dhuibhne. Kabla hujakata tiketi, tazama hesabu za sensa ya 2022. Watu 1,873,997 katika Jamhuri walisema wanakijua Kiayalandi, lakini wanaokizungumza kila siku nje ya shule ni 71,968 tu. Ndani ya Gaeltacht kwenyewe kuna wakazi 106,220, na wanaokitumia kila siku nje ya shule ni 20,261. Maana yake ni kwamba kibao cha barabarani kilichoandikwa Kiayalandi hakikuhakikishii chochote. Ukichagua mahali bila kuulizia, unaweza kulipa nauli na chumba kisha ukashinda wiki nzima ukizungumza Kiingereza.

Lugha sanifu isiyo na kwao

Sisi tuliokulia na Kiswahili Sanifu tuna mazoea ambayo hapa yanatupotosha. Sanifu yetu ina kwao: mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikichagua Kiunguja, na kamati ya lugha iliyoanza kazi 1930 ikajenga juu yake. Anayetaka kusikia msingi wa sanifu unazungumzwaje atapanda boti aende Unguja mjini, atausikia sokoni.

Sanifu ya Kiayalandi, An Caighdeán Oifigiúil, ilitolewa 1958 na idara ya tafsiri ya bunge, na imefanyiwa marekebisho tangu hapo. Ilichukua kanuni moja jimbo la Munster kusini, nyingine Connacht magharibi, nyingine Ulster kaskazini, ikazipanga ziwe mfumo mmoja wa kuandikia. Haina matamshi yake. Hakuna kijiji utakachoshuka ukakuta bibi na wajukuu wanaizungumza kama ilivyo kitabuni. Kwa hiyo aliyejifunza sanifu peke yake ana maandishi mazuri, lakini sikio lake halina pa kukaa. Akienda Conamara anasikia kitu kingine, akienda Kerry kingine tena, na kila mara anadhani kosa ni lake.

Ndiyo maana ninashikilia kwamba mwanafunzi mzoefu achague lahaja moja, ailee angalau mwaka mzima, na sanifu aiachie kazi yake ya kuandika. Tofauti zenyewe hizi hapa, kwa mifano michache:

| | Donegal (Ulster) | Conamara (Connacht) | Corca Dhuibhne (Munster) |
|---|---|---|---|
| U hali gani? | Cad é mar atá tú? | Cén chaoi a bhfuil tú? | Conas taoi? |
| pia | fosta | freisin | leis |
| viazi | préataí | fataí | prátaí |
| naona | tchím | feicim | chím |
| kwenye mashua | ar an bhád | ar an mbád | ar an mbád |
| mlangoni | ag an doras | ag an doras | ag an ndoras |
| tulikuwa | bhí muid | bhí muid | bhíomair |

Msamiati usikutishe, maneno kama hayo hujifunzwa kwa siku chache. Kazi iko kwenye safu za mashua na mlango. Katika Kiayalandi mwanzo wa neno hubadilika kufuatana na kilichotangulia, na kila jimbo lina kanuni zake za mabadiliko hayo. Ukichanganya, utaeleweka, ila hutapata kamwe ule wepesi wa kusema bila kufikiri, kwa sababu kila mara utakuwa unachagua kati ya njia mbili zilizo sahihi. Mzungumzaji wa Kiswahili ana nafuu kidogo hapa. Sisi tumezoea ulimi kuwa ndimi na uzi kuwa nyuzi, kwa hiyo neno kubadilika kichwani si jambo geni kwetu.

Conamara

Kama huna sababu maalumu ya kwenda kwingine, nenda Conamara. Nasema hivi kwanza kwa sababu ya wingi. Kusini mwa Conamara, upande wa magharibi wa jiji la Galway, ndiko kwenye mkusanyiko mkubwa kuliko wote wa watu wanaoishi kwa Kiayalandi. Redio ya taifa ya lugha hii, Raidió na Gaeltachta, iliyoanza 1972, ina makao yake makuu Casla. Televisheni, TG4, iliyoanza 1996, iko Baile na hAbhann, mwendo mfupi tu kutoka hapo. Sauti za watu wa huko ndizo utakazozikuta kwa wingi ukiwasha redio au televisheni baada ya kurudi nyumbani. Kozi huisha kwa wiki moja au mbili. Kinachokukuza ni miezi inayofuata, na katika miezi hiyo Conamara inakuja hadi sebuleni kwako.

Angalia ramani vizuri, lakini. Bearna na An Spidéal ziko karibu na jiji, na watu wengi wamehamia huko kwa ajili ya nyumba, si kwa ajili ya lugha. Songa magharibi zaidi: An Cheathrú Rua, Leitir Móir, Ros Muc, Carna. An Cheathrú Rua ndiko kiliko kituo cha Chuo Kikuu cha Galway, Áras Mháirtín Uí Chadhain, ambacho kina kozi za watu wazima. Mafundisho yake yana mwelekeo wa kichuo, na mtu aliyezoea kusoma atafurahi.

Omba kulala kwa familia. Mama mwenye nyumba, bean an tí, ni mwalimu ambaye hakuna darasa linaloweza kumlipia pengo. Mezani atakuuliza: "An íosfaidh tú tuilleadh fataí?" Utakula viazi zaidi? Kiayalandi hakina neno la ndiyo wala hapana, unajibu kwa kitenzi: "Íosfaidh", nitakula, au "Ní íosfaidh", sitakula. Darasani unaijua kanuni hii tangu mwezi wa kwanza. Mezani, bakuli likiwa mkononi mwake na wageni wengine wakisubiri zamu yao, unagundua kama imeshaingia damuni au bado iko kwenye daftari. Jioni chache za kujibu maswali ya namna hiyo zina uzito kuliko muhula mzima wa mazoezi ya kuandika.

Ugumu wa Conamara ni mwendo. Watu husema haraka na kumeza sauti. "Cén chaoi a bhfuil tú" inatoka kwa pumzi moja, karibu na "ke khii wil tuu", na asiyeizoea hasikii mpaka kati ya maneno. Pia wazungumzaji hutumia maneno ya Kiingereza bila wasiwasi, kama sisi tunavyochanganya mtaani Nairobi au Dar es Salaam. Baadhi ya wanafunzi huvunjika moyo kwa hilo, wakidhani wamekuja kusikia lugha safi wakaambulia mchanganyiko. Mimi naona hiyo ndiyo dalili ya lugha iliyo hai, inayopangia ratiba za mafundi na kununulia vipuri vya gari.

Anayeishi Dublin na hana siku za kutosha ana njia nyingine. Rath Chairn, katika kaunti ya Meath, ni Gaeltacht iliyoanzishwa 1935 kwa familia 27 zilizohamishwa kutoka Conamara na kupewa mashamba. Lahaja ya mizizi yake ni ile ile ya Conamara, na huhitaji kuvuka nchi nzima kuifikia.

Corca Dhuibhne

Rasi hii iliyo magharibi ya Kerry ina jambo moja ambalo kwa msemaji wa Kiswahili ni zawadi. Lahaja ya Munster imehifadhi vitenzi vinavyombeba mtendaji ndani yake. Conamara au Donegal wanasema "bhí mé", kitenzi kisha "mimi" pembeni. Corca Dhuibhne utasikia "bhíos", nilikuwa, kwa neno moja. Vivyo hivyo "chuas", nilikwenda, "dúrt", nilisema, "bhíodar", walikuwa. Sisi tunamtia mtendaji mwanzoni mwa kitenzi, wao wanamtia mwishoni, ila fikra ni moja, na ukizoea kusikiliza mwisho wa neno unafuata maongezi kwa urahisi ambao wanafunzi wengine hawaupati upesi. Mkazo nao unasaidia sikio. Neno kama "cailín", msichana, linatamkwa kwa mkazo kwenye silabi ndefu ya pili, wakati majimbo mengine yanakaza ya kwanza, na irabu ndefu zinasikika wazi.

Utajiri wa pili ni wa msomaji. Ng'ambo ya kijiji cha Dún Chaoin viko visiwa vya Blascaod, ambavyo wakazi wake wa mwisho waliondolewa 1953, kisiwa kikubwa kikiwa kimebakiwa na watu wachache tu. Kabla ya hapo, tangu miaka ya 1920, wavuvi na wanawake wa kisiwa hicho walisimulia na kuandika habari za maisha yao kwa namna ambayo bado inasomwa nchi nzima. Mwanafunzi wa B1 aliye na subira anaweza kusoma kurasa chache usiku, kisha asubuhi akasikia vitenzi vile vile kwa mwenye duka. Sijui Gaeltacht nyingine ambako maandishi na midomo vimekaribiana hivyo.

Shida ni utalii. Mji wa An Daingean hujaa wageni majira ya joto, chumba kinakuwa ghali, na mitaani Kiingereza ndicho kinachotawala. Usikae mjini. Pita uende Baile an Fheirtéaraigh, ambako Oidhreacht Chorca Dhuibhne huendesha kozi zake, au Baile na nGall, au Dún Chaoin kwenyewe. Jambo jingine la kujua ni kwamba maumbo kama "chuas" si ya sanifu. Kwenye mtihani au barua ya kazi utaandika "chuaigh mé". Kwa mtu mzima aliyekwisha kuizoea sanifu hilo si tatizo, anajua kutenganisha kalamu na ulimi.

Munster ina Gaeltacht nyingine ndogo: Múscraí, An Rinn, na kisiwa cha Cléire. Ni za kuzingatia kama unaishi Cork au Waterford na unataka mahali pa kurudi mara kwa mara badala ya safari moja kubwa.

Donegal

Kwa upangaji wa kozi, Donegal inashinda. Oideas Gael, iliyoanzishwa 1984 huko Gleann Cholm Cille, imejengwa kwa ajili ya watu wazima tangu mwanzo. Kuna madaraja, kuna kozi zinazounganisha lugha na kutembea milimani au kuimba, na mlima wa Sliabh Liag, wenye urefu wa mita 601, uko jirani. Anayeogopa kufungua mdomo mbele za watu aanzie hapa. Utakuta daktari mstaafu kutoka Marekani, mwalimu kutoka Ujerumani, kijana wa Belfast, wote wanatafuta maneno kama wewe, na aibu inaondoka yenyewe.

Kasoro yake inatokana na sifa hiyo hiyo. Ndani ya kozi Kiayalandi kinazungumzwa kutwa, lakini kijijini nje ya kozi Kiingereza kina nguvu, na wanaokuzunguka ni wanafunzi wenzako. Mtu wa A2 au B1 dhaifu atanufaika sana. Aliyekaribia B2 atafute kwenda kaskazini zaidi, Gaoth Dobhair au Rann na Feirste, ambako majirani wenyewe wanazungumza. Gaoth Dobhair ni kitovu cha muziki pia. Ndiko walikotoka kundi la Clannad na mwimbaji Enya, na nyimbo ni njia nzuri ya kushika matamshi ya Ulster, ambayo hufupisha irabu ndefu zisizo na mkazo kiasi kwamba neno ulilolijua linakupita.

Ukiishi Belfast, sahau yote niliyosema kuhusu Conamara. Huko wanaharakati wa lugha walijijengea nyumba zao Shaw's Road mwishoni mwa miaka ya 1960 ili walee watoto kwa Kiayalandi, na kituo cha Cultúrlann kwenye barabara ya Falls kipo tangu 1991. Kiayalandi kinachosikika huko kinaelekea Ulster. Kujifunza "fataí" halafu urudi kwa majirani wanaosema "préataí" ni kujiongezea kazi bure. Anayependa pia Kigaeli cha Scotland ataona Donegal ndiko kunakokaribiana nacho zaidi, hata katika ukanushaji wa "cha" unaosikika huko pamoja na "ní" ya kawaida. Safari yenyewe inahitaji mpango: kaunti ya Donegal haina reli, ni basi au gari.

Vipi kubaki mjini au mtandaoni?

Madarasa ya Conradh na Gaeilge, chama kilichoanzishwa 1893, yapo katika miji mingi, na tangu 2016 kuna mikusanyiko ya Pop-Up Gaeltacht ambapo watu hukutana baa na kuzungumza bila ada wala usajili. Vyote vinafaa kutunza ulichonacho. Kumbuka tu kwamba kwenye meza moja utakutana na lahaja tatu na sanifu juu yake, kwa hiyo nenda ukiwa na msimamo wako tayari. Kama lengo ni cheti, mitihani ya TEG inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Maynooth hupangwa kwa viwango vya Ulaya, na inafaa kujiandaa kusikiliza sauti za majimbo yote.

Wazazi wenye mtoto katika shule inayofundisha kwa Kiayalandi jijini watakuta mtoto anazungumza Kiayalandi cha wenzake wa uani, chenye mpangilio wa maneno unaofanana na Kiingereza. Usimsahihishe kwa lahaja uliyotoka nayo Kerry wiki iliyopita. Lugha ya mtoto ina wenzake wa kuizungumza nayo, na jambo la thamani ni kwamba sasa inazungumzwa pia nyumbani kwenu, mezani, kando ya Kiswahili.

Namna ya kuamua

Usitumie brosha. Tumia redio. Raidió na Gaeltachta ina vipindi vya mikoa siku za kazi, na vinasikika bure kupitia intaneti popote ulipo, hata ukiwa Mombasa au Muscat: Barrscéalta kutoka Doirí Beaga huko Donegal, Iris Aniar kutoka Conamara, An Saol ó Dheas kutoka Baile na nGall huko Corca Dhuibhne. Sikiliza kimoja kwa wiki, kisha badilisha. Yapo pia matangazo ya vifo, fógraí báis, na aliyekua na redio ya nyumbani Tanzania au Kenya atayatambua mara moja: jina la marehemu, kijiji, kanisa, saa ya mazishi. Mpangilio ni ule ule kila siku, kwa hiyo ni zoezi zuri la sikio, na majina ya vijiji unayoyasikia ndiyo yale utakayoyaona kwenye ramani ukipanga safari.

Neno likikutatiza, tovuti ya teanglann.ie ina sauti za maneno mengi kwa lahaja zote tatu, zikiwa na alama za U, C na M. Abair.ie ya chuo cha Trinity, Dublin, inasoma sentensi yoyote unayoiandika, nawe unachagua lahaja ya sauti. Andika sentensi tano unazozisema sana maishani mwako, zisikilize kwa sauti tatu, uone ulimi wako unavutwa wapi. Mvuto huo uupe uzito. Mtu mzima haendelei na lugha ambayo sauti yake haimpendezi, hata kama sababu nyingine zote zinaelekea huko.

Ukishaamua, andikia kozi kwa Kiayalandi, usiandike Kiingereza, na uliza mambo matatu: mwalimu wa daraja lako ametoka kijiji gani, kuna watu wangapi kwa kawaida darasani, na familia utakayolala kwao huzungumza Kiayalandi na wageni jioni au asubuhi tu. Swali la tatu ndilo wanaolisahau wengi. Jibu likiwa la kuzungukazunguka, omba familia nyingine mapema, kwa sababu nyumba nzuri hujaa kabla ya majira ya joto kuanza.